Chama cha Mzaha Ndani ya Kijidola: Upinzani Katika Nchi Isiyotambuliwa na Yeyote

Mwishoni mwa Mei 2006, timu ya mpira wa miguu ya Zanzibar ilisafiri hadi Hamburg, Ujerumani, kushiriki mashindano ya timu ambazo wakati huo FIFA haikuzitambua kuwa wanachama wake. Walioalikwa walikuwa Greenland, Tibet, Gibraltar, Cyprus ya Kaskazini na sisi, na kila mmoja alikwenda na kisa chake cha kutotambuliwa. Mwenyeji alikuwa wa aina nyengine kabisa. Alijiita Jamhuri ya St. Pauli, na St. Pauli ni mtaa wa mji huo huo wa Hamburg, wenye klabu yake ya mpira na mashabiki wanaojulikana kwa siasa zao za upinzani. Mtaa huo haukupigania uhuru wala haukujitenga na Ujerumani. Ulikuwa jamhuri kwa sababu wenyewe walisema ni jamhuri. Vijana wetu walifika fainali, wakatoka sare bila ya bao na Cyprus ya Kaskazini, kisha wakashindwa kwa penalti.

Nakiri kwamba kwa muda mrefu jambo lile lilinikera. Nchi iliyopata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, ikafanya mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, yenye Rais wake na Baraza lake la Wawakilishi, ilikuwa imepangwa safu moja na mtaa uliojitawaza kwa mzaha. Baadaye, nilipoanza kusoma habari za nchi za aina hiyo, na khasa habari za siasa zinazoendeshwa ndani yake, niliona kwamba nilikuwa nimelishika jambo kwa ncha isiyokuwa yake. Mzaha wa watu wale una kanuni na una historia, na unaonesha jambo kuhusu mamlaka ambalo sisi wa visiwani tuna sababu nyingi za kutaka kulielewa. Makala haya yanashughulikia sehemu yake iliyo ngumu zaidi kufahamika, nayo ni chama cha siasa cha mzaha ndani ya nchi ambayo yenyewe ni ya mzaha.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Nitatumia neno kijidola, nikikusudia nyumba, shamba, mtaa, kisiwa au hata chumba ambacho mtu au kikundi cha watu wamekitangaza kuwa dola huru, wakakitungia bendera na kugawana vyeo, na pasiwe na dola yoyote duniani iliyokitambua. Kijidola ni tofauti na nchi ndogo. San Marino na Tuvalu ni nchi ndogo sana kwa eneo na kwa idadi ya watu, lakini kila moja ina kiti chake Umoja wa Mataifa, na mtu akifika na pasipoti yake katika uwanja wa ndege wowote hakuna atakayemuuliza kama nchi hiyo ipo.

Wengi wa wanaotangaza vijidola huegemea Mkataba wa Montevideo, uliotiwa saini nchini Uruguay tarehe 26 Disemba 1933. Ibara yake ya kwanza inataja sifa nne za dola, nazo ni watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia katika uhusiano na dola nyengine. Kutambuliwa hakumo katika orodha hiyo, na ibara ya tatu inatamka kwamba kuwepo kwa dola kisiasa hakutegemei kutambuliwa na dola nyengine. Mwenye shamba lake akiisoma ibara hiyo peke yake, anaweza kujiaminisha kwamba ameshakamilisha masharti yote. Katika utendaji mambo hayaendi hivyo, kwa sababu sifa ya nne haithibitiki mpaka apatikane mwenzako wa kuingia naye katika huo uhusiano.

Mzanzibari hahitaji kufundishwa uzito wa suala hili. Mwaka 2008, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alipotamka Bungeni kwamba Zanzibar si nchi, mjadala uliwaka kuanzia Baraza la Wawakilishi hadi kwenye vibaraza vya kahawa, na miaka miwili baadaye Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar yakaandika kwamba Zanzibar ni nchi. Machi 2017 Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika likatupokea kuwa mwanachama wake wa 55, na Julai ya mwaka huo huo likatuondoa. Nchi ilikuwa ile ile na wachezaji wale wale; kilichobadilika ni mkono wa aliyetambua. Yule anayesema kwamba vijidola ni upuuzi mtupu anasahau kwamba vinagusa fundo ambalo hata dola kongwe hazijalifungua, yaani nani mwenye haki ya kusema kwamba hii ni nchi.

Vijidola havikuzaliwa kwa njia moja. Vyengine vimetokana na ugomvi wa kweli wa mali au sheria. Roy Bates, aliyewahi kuwa meja katika jeshi la Uingereza, aliishika mwaka 1967 ngome iliyojengwa baharini nje ya pwani ya Suffolk wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akaiita Sealand, na mwaka uliofuata mahakama ya Uingereza ikaona kwamba ngome ile ilikuwa nje ya mamlaka yake. Leonard Casley, mkulima wa Australia Magharibi, alijitenga mwaka 1970 kwa sababu ya mgao wa ngano aliouona wa dhulma, na utawala wake wa Hutt River ukadumu hadi 2020 ulipofungwa kwa deni la kodi.

Vyengine vimezaliwa na malalamiko ambayo wenyewe waliona hayasikilizwi mpaka yavalishwe vazi la kuchekesha. Aprili 1982, maofisa wa mpaka wa Marekani waliweka kizuizi kwenye barabara kuu inayounganisha visiwa vya Florida Keys na bara ya Florida, wakawa wanawakagua raia wa nchi yao wenyewe kana kwamba wanatoka ng'ambo. Meya wa Key West, mji ulio katika visiwa hivyo, alikwenda mahakamani asifanikiwe. Tarehe 23 ya mwezi huo akatangaza Jamhuri ya Conch, akatangaza vita dhidi ya Marekani kwa kuvunja mkate mkavu juu ya kichwa cha mtu aliyevaa sare za jeshi la majini, akasalimu amri baada ya dakika moja, kisha akaomba msaada wa dola bilioni 1 za kujenga upya nchi iliyoshindwa vitani. Kizuizi kiliondolewa. Mtu wa kisiwani anayejua maana ya kukaguliwa bandarini ndani ya nchi yake anaweza kuipima hoja ya watu wale bila ya kuelezwa zaidi.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha London. Mwaka 1977, wakaazi wa barabara ya Freston, waliokuwa wakiishi katika nyumba chakavu zilizokusudiwa kubomolewa, walitangaza Jamhuri Huru ya Frestonia na kuiandikia barua Umoja wa Mataifa. Wote walichukua jina moja la ukoo, Bramley, kwa hesabu kwamba halmashauri ikitakiwa kuwahamisha italazimika kuwahamisha pamoja kama familia moja. Waziri wao wa elimu alikuwa mtoto wa miaka miwili. Mambo hayo yaliwachekesha waandishi wa habari wa dunia nzima, na kucheka kwao kuliiweka halmashauri mahali ambapo isingeweza tena kuwafukuza watu kimya kimya. Mwisho wake, nyumba zilijengwa kwa njia ya ushirika wa makaazi, na watu wakabaki katika eneo lao.

Aina ya tatu ni ile ya mchezo wa akili. Talossa ilitangazwa tarehe 26 Disemba 1979 (miaka 46 kamili tangu Montevideo) na kijana wa miaka 14, Robert Ben Madison, katika chumba chake cha kulala huko Milwaukee, Marekani. Hadi leo ina mfalme, lugha ya kubuni yenye kamusi yake, bunge lenye mabaraza mawili, uchaguzi na vyama vya siasa. Mwaka 2004 baadhi ya raia wake walijitenga wakaanzisha jamhuri, na mwaka 2012 pande mbili zikaungana tena. Watu hao hawana barabara ya kutengeneza wala hospitali ya kuendesha, na hata hivyo walifarakana juu ya nani atawale na kwa utaratibu gani, farakano lililodumu karibu miaka minane.

Farakano hilo ndilo linalotufikisha kwenye vyama. Msomaji atauliza, kwa haki kabisa, nchi isiyo na bajeti inahitaji vyama vya nini. Jawabu ni kwamba dola hugawa vitu viwili, mali na heshima. Kijidola hakina mali ya kugawa, lakini heshima kinayo tele, kwa maana ya uwaziri, ubalozi, nishani, cheo cha jaji mkuu, na haki ya kuandika sheria ambayo wenzako watakubali kuifuata. Watu hugombania heshima kwa ukali ule ule wanaogombania fedha, pengine kwa ukali zaidi, kwa kuwa heshima haina kipimo cha kukata shauri. Mara tu vyeo vinapokuwepo, hutokea wanaovishika kwa unyenyekevu na wanaovivaa kama majoho, na mbele ya hao wa pili hutokea mtu wa kucheka. Mtu huyo akipata wenzake watatu au wanne na jina la kuandika kwenye karatasi ya kura, chama cha mzaha kimezaliwa.

Ili tukielewe chama hicho, inafaa tukiangalie kwanza katika dola za kweli, ambako historia yake ni ndefu. Huko Kanada, Chama cha Kifaru kilianzishwa mwaka 1963, baada ya wapiga kura wa São Paulo nchini Brazil, mwaka 1959, kumpa kifaru mmoja wa kike wa bustani ya wanyama kura zipatazo 100,000 za udiwani kwa sababu walichoshwa na wagombea waliokuwepo. Ahadi kuu ya Wakanada hao ilikuwa kwamba hawatatimiza ahadi hata moja. Uingereza ilikuwa na David Sutch, mwimbaji aliyesimama katika chaguzi karibu 40 kuanzia mwaka 1963. Miongoni mwa madai yake ya mwanzo, yaliyochekwa sana, lilikuwa la vijana wa miaka 18 kupiga kura. Mwaka 1969 likawa sheria. Chama chake cha baadaye, katika uchaguzi mdogo wa Bootle wa Mei 1990, kilipata kura 418, na chama cha David Owen, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kikapata 155. Siku chache baadaye chama hicho cha Owen kilivunjwa. Huko Hungary, Chama cha Mbwa Mwenye Mikia Miwili, kinachoahidi uhai wa milele na bia ya bure, kina mazoea ya kutengeneza vituo vya basi na kupaka rangi nyufa za njia za waendao kwa miguu, kazi ambazo serikali za mitaa zilipaswa kuzifanya, na mwaka 2024 kiongozi wake, Gergely Kovács, alichaguliwa kuwa meya wa wilaya mojawapo ya Budapest.

Iceland inastahili kukaliwa zaidi, kwa kuwa huko mzaha ulishika dola ukalazimika kutawala. Mabenki ya nchi hiyo yalianguka mwaka 2008 na watu wakapoteza imani na wanasiasa wote. Mchekeshaji Jón Gnarr akaanzisha Chama Bora kabisa, akaahidi taulo za bure katika mabwawa ya kuogelea na dubu mweupe katika bustani ya wanyama ya Reykjavík, na akasema hadharani kwamba ahadi hizo hazitatekelezwa. Mei 2010 chama chake kilipata viti 6 kati ya 15 vya baraza la jiji, kuliko chama chengine chochote, na yeye akawa meya. Mezani alikuta shirika la nishati la jiji likizama katika madeni. Alipandisha bei ya umeme na maji ya moto, na wafanyakazi wakapunguzwa, mambo ambayo hakuna mwanasiasa anayetaka kuyafanya na ambayo hayachekeshi. Alimaliza miaka yake minne, hakugombea tena, na chama kikafungwa mwaka 2014. Ninayaheshimu mambo mawili katika kisa hiki: kwamba aliyekuwa akicheka alikubali kubeba mzigo ulipomwangukia, na kwamba hakung'ang'ania kiti.

Katika mifano yote hiyo, chama cha mzaha kinaicheka dola iliyo halisi. Dola ina polisi, kodi na jela, na mzaha ni silaha ya asiyekuwa na silaha nyengine. Fundo la makala haya ni kwamba kijidola hakina hata kimoja kati ya hivyo. Je, chama cha mzaha huko kinacheka nini, ikiwa nchi nzima imeanza kama kicheko?

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua unatoka Whangamomona, kijiji cha Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand. Mwaka 1989 serikali ilipochora upya mipaka ya mikoa, kijiji kilitolewa katika mkoa wa Taranaki, ambao wakaazi waliuhesabu kuwa ndio kwao, kikaingizwa mkoa mwengine bila ya ridhaa yao. Wakajitangaza jamhuri. Inasimuliwa kwamba rais wao wa kwanza aliwekwa katika karatasi ya kura bila ya yeye mwenyewe kujua, akashinda, na akaitumikia nafasi hiyo miaka kumi. Mwaka 1999 alichaguliwa mbuzi aitwaye Billy Gumboot, na masimulizi ya ushindi wake ni kwamba alizila kura za wapinzani wake. Billy alifia madarakani. Baadaye urais ulichukuliwa na mbwa mdogo wa manyoya ya msokoto, kisha ukarudi kwa wanadamu. Sherehe ya jamhuri huvutia maelfu ya wageni, na pasipoti hugongwa muhuri katika hoteli ya kijiji.

Tumtazame mbuzi yule kwa makini. Hakuidhuru serikali ya New Zealand, ambayo haikuwa ikimtazama. Alichokizuia ni jambo la ndani ya kijiji chenyewe. Baada ya miaka kumi, jamhuri iliyoanza kama malalamiko ya watu sawa ilikuwa tayari na historia, sherehe na mamlaka yake, na urais ulikuwa kitu ambacho mtu angeweza kuanza kukitamani kwa ajili ya nafsi yake. Kumweka mbuzi katika kiti kile kulikuwa ni kuwakumbusha wote kwamba kiti ni chao wao waliokikubali, na kwamba utukufu wake unatoka kwao. Kwa hiyo jawabu langu ni hili. Katika dola kubwa chama cha mzaha humcheka mtawala. Katika kijidola huicheka tamaa ya kutawala inapoanza kuota kwa watu wa kawaida, jirani na jirani, kabla haijapata polisi wala jela. Ndiyo maana kuwepo kwake ni dalili kwamba raia wameanza kuiamini nchi yao: hakuna anayehangaika kukikejeli cheo ambacho hakuna anayekijali.

Mwambao wetu uliifahamu elimu hii kabla ya vijidola vyote nilivyovitaja. Tangu miaka ya 1890 ngoma ya beni ilienea kutoka Lamu na Mombasa, ikifanywa na vikundi vilivyovaa sare mfano wa za askari, vilivyopiga matarumbeta na ngoma kwa mwendo wa gwaride, na kugawana vyeo vya mfalme, jenerali na gavana. Vikundi vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za vijembe, na katika Tanganyika majina ya Marini na Arinoti yalifika miji mingi. Watu waliokuwa hawana kura wala sauti mbele ya Mwingereza au Mjerumani walijiundia dola yao ya jioni, yenye vyeo kamili, na utawala wa kikoloni uliiona na ukaingia wasiwasi nayo. Unguja beni haijafa. Aliyeiona beni ya Mbwa Kachoka ikipita, na watu wazima wakiufuata mdundo wake wa kijeshi kwa viuno, ameona jinsi gwaride linavyoweza kuvuliwa vitisho vyake bila ya kupotezewa hata hatua moja.

Kuna jambo jengine ambalo wenye kuandika habari za vijidola hulipita haraka, nalo ni hesabu. Katika nchi ya mamilioni ya wapiga kura, chama cha mzaha kupata kura mia nne kwa kawaida hakumbadilishii mtu usingizi. Katika kijidola chenye wapiga kura hamsini, kura tatu za mzaha zinaweza kuamua nani awe waziri mkuu, na kwa hivyo mwenye kucheka anawajibika kwa kicheko chake namna ambayo mwenzake wa London hawajibiki. Sisi tunajua uzito wa kura moja. Katika uchaguzi wa Januari 1961, chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilipata viti 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) viti 9 na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) viti 3, na kiti cha Chake Chake kilikwenda kwa ASP kwa tofauti ya kura moja. Wajumbe watatu wa ZPPP wakagawanyika, pande mbili zikalingana kwa viti 11 kila moja, serikali haikuundika, uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni, na katika ghasia za uchaguzi huo watu 68 wakafa. Mtu aliyekulia katika historia hiyo hawezi kuizungumzia kura kama kitu chepesi, na mimi sikusudii kufanya hivyo. Ninachokisema ni kwamba mzaha wa aina hii una maana pale tu mchezaji anapojua kwamba kura yake inahesabiwa.

Wazee husema mzaha mzaha hutunga usaha, na usaha wa vijidola upo. Ladonia, iliyotangazwa mwaka 1996 na msanii Lars Vilks kwenye ufukwe wa kusini mwa Sweden ili kuyalinda masanamu yake ya mbao na mawe yasiondolewe, ilitoa uraia kwa yeyote aliyeuomba kupitia intaneti, na kodi yake ilikuwa ni kuchangia ubunifu. Mwaka 2002 maelfu ya Wapakistani waliomba uraia huo wakiamini kwamba ni nchi ya kweli ya Ulaya wanayoweza kuhamia wakapate kazi. Ilibidi waelezwe kwamba hakuna mji wala ajira, na kwamba eneo lenyewe halikaliki. Nikiwaza vijana wetu wanaotafuta njia ya kwenda nje, wanaosoma kila tangazo kwa matumaini, sioni cha kucheka hapo. Mzaha ulihitaji msikilizaji ajue kwamba ni mzaha. Ulipomfikia mwenye shida asiyejua, uligeuka kuwa jambo jengine, hata kama aliyeutunga hakukusudia ubaya. Kipimo ninachokitumia mimi kwa kila chama cha mzaha ni kuuliza kama anayechekwa ni mwenye cheo au ni mwenye haja.

Swali ambalo huulizwa mara kwa mara ni kwa nini chama cha namna hiyo hakijatokea hapa petu, ambapo watu wana ulimi mwepesi na hawakosi fumbo kwa kila kiongozi. Sehemu kubwa ya jawabu iko katika sheria. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992, kama ilivyotungwa, ilikitaka chama kinachoomba usajili wa kudumu kiwe na wanachama wasiopungua 200 wenye sifa za kupiga kura katika kila mmoja wa mikoa isiyopungua 10 ya Jamhuri ya Muungano, na kati ya hiyo miwili iwe ya Zanzibar, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Hao ni watu 2,000 waliotawanyika kutoka bara hadi visiwani. Mgombea binafsi naye haruhusiwi, kwa hiyo mtu kama David Sutch, aliyeweza kulipa dhamana yake na kusimama peke yake, hapa hana mlango wa kuingilia. Sheria ilikusudia kuzuia vyama vya kabila, dini au upande mmoja wa Muungano, na sababu hizo ni nzito. Lakini wavu uliofumwa kwa samaki mkubwa umemnasa na dagaa.

Kwa hiyo mzaha wetu wa kisiasa umebaki katika taarabu, katika maandishi ya kanga, katika nyimbo za Mwaka Kogwa kule Makunduchi, na zaidi ya kote, barazani.

Baraza niliyokulia mimi, Wete, ilikuwa na serikali. Rais alichaguliwa kwa kunyoosha mikono, na kazi yake ilikuwa kushika mfuko wa kahawa: kila mwanabaraza alitoa chochote kwa wiki, muuza kahawa akalipwa siku ya Ijumaa, na kilichobaki kikawekwa kwa ajili ya rambirambi na kuwatembelea wagonjwa. Palikuwa na waziri wa fedha na spika, na kwa muda mrefu hapakuwa na upinzani, mpaka mzee mmoja mchukuzi wa bandarini alipotangaza kwamba yeye ni chama. Chama chake hakikuwa na jina wala mwanachama mwengine. Sera yake ilikuwa moja, kwamba kahawa yote inywewe kwa deni mpaka karafuu zitakapoanikwa, na kila jioni baada ya sala ya Isha alisimama, akamsalimu rais kwa cheo chake kamili, akauliza mfuko una kiasi gani. Watu walicheka, na rais alicheka pamoja nao, kwa miezi.

Jioni moja rais hakucheka. Alisema, kwa sauti iliyotufanya sisi vijana tuache kupita na kusimama, kwamba amechoka kudhaniwa mwizi. Mzee wa upinzani akamjibu kwa upole, "Mheshimiwa, hakuna aliyekudhania. Tumekuuliza tu." Pakawa kimya, dele la kahawa likiwa limetuliwa chini na muuza kahawa naye anasikiliza. Rais akaingia ndani, akarudi na mfuko wa kitambaa. Bao lilikuwa katikati, mchezo haujaisha. Akawaomba radhi wachezaji, akaziondoa kete, akaanza kupanga sarafu katika mashimo, shimo moja kwa kila wiki, akizitaja kwa sauti. Alipofika shimo la mwisho zilipungua shilingi mia mbili. Alizitazama, akapapasa mfuko wa kanzu yake, akazijaza, na waziri wa fedha akaandika.